Boite Mbili za Papa

Juzi lori lililobeba mbao lilikwama kwenye ule mwinuko wa kupandia Mlima Goma, karibu na duka ninaponunua nyuzi za cherehani. Dereva alikuwa kijana, halafu mkaidi. Alikanyaga, akaachia, akakanyaga tena, moshi ukatoka chini, na ile harufu ikanifikia. Kama huijui, sijui nikuelezeje. Si ya mpira, si ya mafuta. Ni kana kwamba mtu ameunguza kwato za ng'ombe na karatasi kwenye sufuria moja. Ni harufu ya ambreyaji inayokufa, klachi kama wanavyosema wenzetu wa Tanzania. Watu walimcheka dereva na kumpigia miluzi. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya duka nikalia, mtu mzima na kilemba changu kichwani, mpaka muuza nyuzi akaniletea maji na kuniuliza nani amekufa. Nikamwambia dada yangu. Akaniuliza lini. Hapo nikanywa maji, maana ni zamani mno kwa mtu kulia barabarani.

Muuza nyuzi sikumweleza. Ninyi nitawaeleza.

Papa, ndivyo kwetu tunavyomwita baba, alizaliwa Kasongo, kule Maniema, akafika Goma angali kijana, akiendesha malori ya kahawa ya Mgiriki mmoja. Mgiriki huyo alikuwa na gari dogo la mashindano, la milango miwili, rangi ya kiini cha yai. Enzi za Zaire alikuwa akishindana nalo kwenye barabara za vumbi, Papa akiwa fundi wake. Mambo ya nchi yalipoharibika, Mgiriki alifunga nyumba, akampa Papa funguo za gari lile, na boite mbili. Boite ndiyo giaboksi, lile sanduku zito la chuma lenye meno ndani, linaloamua nguvu za moteri, yaani injini, zifike vipi kwenye magurudumu. Gari moja, boite mbili: ikiingia moja, nyingine inatoka.

Mama aliziita wake wenza. Ya kwanza, yenye vitesi, yaani gia, fupi fupi, ilikuwa Bibi Mukubwa. Ya pili, ya mbio, ilikuwa Bibi Mudogo. Na kwa kuwa gereji hatukuwa nayo, na wezi wa mtaa wetu wa Murara walikuwa hawalali, mke aliyekuwa nje ya zamu alikaa sebuleni. Ndiyo, sebuleni! Papa aliisafisha kwa petroli, akaiweka juu ya ubao karibu na kiti chake, na Mama akaifunika kitambaa chake cha kufuma. Wageni waliweka vikombe vya chai juu yake bila kujua. Siku moja imamu wetu aliegemeza kiwiko juu ya Bibi Mudogo, akatuhubiria juu ya subira, na sisi watoto tukabanwa na kicheko mpaka Mama akatufukuza nje.

Tofauti ya boite hizo Papa alitufundisha uani, kwa miguu yetu wenyewe. Alimpa kila mtoto ndoo ya maji kichwani, akatuambia, "Tembea na hatua kubwa." Maji yakatumwagikia. "Sasa tembea na hatua ndogo." Tukafika salama. Halafu akatutua ndoo, akasema tukimbie hadi ukutani kwa zile hatua ndogo, na tulivyokuwa tunachakarika bila kufika alicheka mpaka akakaa chini. "Munaona? Bibi Mukubwa iko na hatua ndogo. Inapanda milima ya Masisi na magunia, inatembea pole pole na batu, haichoke. Lakini mbio haina. Bibi Mudogo iko na hatua ndefu tangu vitesi ya kwanza. Ikishaamka, hakuna wa kuishika. Lakini usiiambie itembee." Alikuwa na usemi wake, kila mara: barabara ndiyo inachagua boite, si dereva. Mvua ikikaza na njia ya Masisi ikigeuka matope, aliweka Bibi Mukubwa. Kiangazi, akipata abiria wa haraka, aliweka Bibi Mudogo.

Kazi ya kubadilisha ilichukua siku nzima, na kwetu ilikuwa kama sikukuu. Gari lilipandishwa juu ya mawe meusi ya volkano, godoro kuukuu likatandikwa chini, na Papa Saidi, mdogo wake Papa, akajilaza chali. Alikuwa na kifua kipana. Papa alifungua bolti za mwisho na Saidi akaipokea boite kifuani, akiguna, akiitukana kwa upole, "Kuja, mama, kuja, usinivunje mbavu." Dada yangu Mwamini alikaa kwenye kiti na sinia la bolti mapajani, akizipanga kwa jinsi zilivyotoka. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa sinia lile. Mwamini alikuwa amenizidi miaka minne na alikuwa na ugonjwa wa damu, ule ambao hospitali waliuita SS, yaani selimundu. Baridi ikimshika, au akikaa bila maji, au akichoka, mifupa yake ilimuuma hadi akawa anauma mto. Kukimbia hakuweza, kwenda mbali kwa miguu hakuweza. Lakini bolti alizijua zote, na alikuwa na mdomo, jamani! Alimwita Papa Saidi "godoro la pili."

Kisha ikaja vita. Sitawahesabia vita za kwetu, maana kila mtu wa Goma ana hesabu yake. Ilikuwa wakati ambapo njia ya Rutshuru ilikuwa na watu wenye bunduki, leo hawa, kesho wale. Papa Saidi alitaka kwenda kuchukua viazi huko, na Papa akamwekea Bibi Mukubwa, kwa sababu viazi ni mizigo. Ilikuwa sawa kabisa. Hata mimi, mtoto, ningeichagua hiyo.

Walimrudisha Papa Saidi jioni, amefunikwa na turubai juu ya gari la watu wengine. Mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa abiria wake alipona, mkono umefungwa kitambaa chenye damu, akakaa sebuleni kwetu na kusimulia. Walipofika pale njia inaponyooka, watu walitoka porini, wengine wakapanda pikapu na kuwafuata. Papa Saidi alikanyaga mpaka mwisho. "Moteri ililia, Papa Mwamini," alisema yule mama, "ililia kama mutu, lakini gari haikukwenda. Bale batu bakatufikia." Aliposema hivyo, kikombe chake kilikuwa juu ya kile kitambaa cha kufuma, na chini yake Bibi Mudogo imekaa kimya. Papa aliitazama. Hakulia mbele yetu.

Gari lilirudi baada ya majuma kadhaa, lina matundu ya risasi upande wa nyuma. Papa alibadilisha boite peke yake, bila kifua cha Saidi, akatumia kamba na tawi la mparachichi. Akamfunga Bibi Mudogo chini ya gari. Bibi Mukubwa hakumweka sebuleni. Alimvingirisha kwenye gunia, akamsukumia nyuma ya choo.

Tangu siku hiyo barabara haikuchagua tena. Mvua ilinyesha, matope yakaja, Papa hakubadilisha. Na gari lile mjini lilikuwa balaa. Lilikuwa linataka kukimbia tu. Kila tulipompeleka Mwamini hospitali, kwenye msongamano wa Birere, kati ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na mama wauza samaki, gari liliruka na kusita, likaruka na kusita, na kila mruko Mwamini alifumba macho na kung'ata kanga. Mama alivumilia, akavumilia, halafu siku moja akaongea mbele yetu, jambo ambalo hakuwa analifanya.

"Papa Mwamini, rudisha ile ya pole. Mutoto anaumia."

"Hapana."

"Ju ya nini?"

"Siku batakuja, nitabakimbia. Hakuna mutu wangu tena atakufa ju gari haina mbio."

"Na huyu anayeumia leo?"

Papa alitoka nje. Mwamini, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kulalamika, alimwambia Mama amwache. "Mama, muache na Bibi Mudogo wake. Mimi naipenda." Alikuwa anasema kweli nusu. Asubuhi za Jumapili Papa alitupeleka barabara ya Sake kabla watu hawajaamka, akaliachia gari, na Mwamini alitoa kichwa dirishani na kupiga kelele za furaha ambazo nyumbani hatukuzisikia kamwe. Mimi nilikaa nyuma nikiwa na hasira. Nilikuwa nimeshaamua, kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba Papa anapenda mbio kuliko anavyompenda mwanawe. Mtoto akishaamua jambo hilo, nani atalitoa?

Volkano ilipotoka, ilikuwa mchana. Usiku wake tulikuwa tumesikia ardhi ikitetemeka, lakini Goma ardhi hutetemeka na watu huendelea kula. Mchana mbingu ya upande wa Nyiragongo ikawa nyeusi, halafu nyekundu chini, na watu wakaanza kushuka kutoka mtaa wa Majengo wamebeba magodoro, redio, kuku, mabati waliyoyang'oa kwenye nyumba zao wenyewe. Moto unakuja, walisema, unakuja kama uji. Mwamini alikuwa kitandani. Tangu asubuhi magoti yalikuwa yamevimba.

Wengi walielekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Papa akasema sisi tunaenda Sake, kwa shangazi yetu, na barabara ya Sake yeye anaijua kama mkono wake. Alimbeba Mwamini akamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mama, mimi mbele na birika la maji. Nakumbuka uso wa Papa alipowasha moteri. Mungu anisamehe kwa kusema, lakini uso ule ulikuwa na utulivu, karibu na furaha. Siku aliyoingojea ilikuwa imefika, na alikuwa na boite yake tayari.

Tulitoka uani, tukaingia barabarani, na barabara haikuwepo. Kulikuwa na watu tu. Kutoka ukuta hadi ukuta, watu, mbuzi, mikokoteni, wazee juu ya migongo ya wajukuu. Wote walikuwa wanatembea, na kwa sababu watu wote wanatembea, gari nalo lilitakiwa litembee. Na lile halikujua. Papa alikanyaga ambreyaji, akaiachia nusu, gari likaruka, akabana. Akaiachia nusu, likaruka, akabana. Kuiachia yote angeua watu. Mbele yetu mama mmoja alikuwa na ndoo kichwani, hatua ndogo, hatua ndogo, na Papa alikuwa anamfuata kwa mguu unaotetemeka. Jasho lilimtiririka. Nyuma Mwamini alikuwa ameacha kung'ata kanga, sasa anapiga kelele waziwazi.

Tulipita kambi ya Katindo hivyo, pamoja na familia za askari. Majivu yalikuwa yanatuangukia na ile harufu ilikuwa imeshaanza kupanda kupitia sakafu.

Mahali fulani kabla ya Mugunga, pikapu moja kuukuu ya makaa ilitufikia kutoka nyuma. Mtaani kwetu tulikuwa tunaicheka pikapu hiyo, maana kuku waliipita. Ilikuwa kwenye vitesi yake ya kwanza, inasonga mbele bila kusita hata kidogo, na nyuma wamejazana watoto na wagonjwa. Dereva wake, Muzee Kambale, Mnande mmoja mpole, alitusogelea dirishani.

"Muzee Ramazani, gari yako inaungua. Lete mutoto, nitamubana hapa mbele na mama yake."

Papa alimtazama. Halafu akatazama mbele, kule kwenye vichwa vya watu. "Aksanti, muzee. Mbele kidogo njia itafunguka. Ikifunguka, nitakupita na kumufikisha mbele yako."

Mama alisema, "Ramazani." Alimwita jina lake, ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka.

"Itafunguka," Papa alisema.

Mwamini naye akasema, pumzi zikimkatika, kwamba atabaki na Papa. Pikapu ikatupita, polepole, kwa namna ambayo mtu angeweza kutembea kando yake na kuzungumza. Niliiona kwa muda mrefu sana. Njia haikufunguka.

Pale Mugunga Papa aliachia ambreyaji, moteri ikanguruma, na gari likabaki pale pale. Akajaribu tena. Moshi ukatoka chini ya miguu yangu. Vijana watatu walitusaidia kusukuma, wakasukuma mpaka njia ilipoanza kupanda, wakaomba radhi wakaenda, walikuwa na mama zao. Papa alimbeba Mwamini mgongoni, Mama akamfunga kwa kanga kama mtoto mchanga, miguu mirefu ikining'inia. Gari tuliliacha milango wazi. Birika la maji nililibeba mimi na likaisha kabla giza halijaingia, na maji ya ziwa watu walisema yameingia sumu, msinywe. Baridi ilishuka. Nilisikia Mwamini akimwambia Papa sikioni kwamba si kitu, kwamba hata godoro la tatu, yaani mgongo wake, si baya. Papa alicheka, au nilidhani anacheka.

Tulifika Sake alfajiri. Muzee Kambale alikuwa amefika jana yake jioni, na wagonjwa wake walikuwa wameshapata nafasi kwenye kituo cha afya, wamelazwa chini, wengine wametundikiwa chupa za maji. Tulipofika chupa zilikuwa zimekwisha. Muuguzi alilia pamoja nasi, sitasema vibaya juu yake. Mwamini alikaa siku chache, macho ya njano kabisa, halafu akatutoka mchana mmoja wakati shangazi anamkanda miguu. Tulimzika Sake. Nyumba yetu ya Murara tuliporudi ilikuwa mwamba mweusi unaofuka moshi, na kusema kweli haikutuuma kama inavyopaswa. Tulikuwa tumeshaumwa.

Mama hakumlaumu Papa kwa neno moja. Mimi nilimlaumu bila neno, miaka mingi. Nilikuwa namwandalia chakula bila kumtazama. Alipata kazi ya kuendesha gari la watu, baadaye akaiacha, akawa anakaa tu, na nilipoolewa nilifurahi kutoka katika nyumba ile. Baada ya kuolewa nilianza kuelewa kwamba Bibi Mudogo hakufungwa na mtu mwenye kupenda mbio. Alifungwa na mtu aliyemzika mdogo wake. Yule aliyejiona amemuua Saidi kwa upole wa gari aliapa hatarudia, na Mungu akamletea msiba ambao ulihitaji upole. Nilielewa hilo, na nikadhani nimemaliza kuelewa. Nilimsamehe kwa namna ya mtu mwenye akili anayemsamehe mjinga.

Halafu watu wenye bunduki wakaja tena. Mnajua kuja gani. Mabomu yalianza upande wa Mugunga, wakimbizi wakamiminika mjini, madirisha yakawa yanagonga meno, na mume wangu alikuwa Bukavu kwa biashara. Nilikuwa na wanangu wawili, na Papa, ambaye tulikuwa tumemchukua akae nasi baada ya Mama kufariki. Jirani yangu mmoja, mwalimu, mwanamke mwenye akili kunizidi, alikuja mlangoni na mtoto wake mkononi. Alikuwa amepata nafasi katika mtumbwi pale Kituku, bandari ndogo ya ziwani. "Zaina, kuja twende. Kubaki ni kufa." Nikamwambia anisubiri kidogo.

Nikamwendea Papa. Alikuwa ameketi kitandani, tasbihi mkononi. Nikapiga magoti mbele yake, nikasema, "Papa, tuende ao tubaki? Sema tu, nitafanya unachosema."

Aliiweka tasbihi juu ya mto. 

"Usiniulize mimi, mwanangu," alisema. "Mimi nilichagua mara mbili."

Basi nikachagua mimi. Nilimwambia mwalimu twabaki, nikafunga mlango, nikawalaza watoto chini ya kitanda na magodoro juu yao. Sikuwa na sababu. Nawaapia, sikuwa na sababu yoyote. Miguu yangu tu haikutaka kwenda. Nyumba yetu haikuguswa. Mtumbwi wa Kituku ulipigwa risasi kabla haujafika mbali, na mwalimu alirudi peke yake, akiwa ameshika kanga ya mtoto wake iliyolowa.

Watu husema nilikuwa na busara siku ile. Shangazi yangu hunisifu mbele ya wageni. Mimi sizipokei sifa hizo, kwa sababu namwona mwalimu akipita na mkoba wake kwenda shule, na namwona Papa, na najua kitu ambacho nikiwa na miaka tisa kwenye kiti cha mbele nisingeweza kukijua. Papa hakukosea zaidi yangu. Alimpenda mwanawe kama nilivyowapenda wangu, alitazama mbele akaona kiza kama nilivyoona, akachagua kama nilivyochagua. Wanangu wako hai. Hiyo tu ndiyo tofauti yetu, na sikuifanya mimi.